Nambari ya Injini na Amana ya Asili

Gari kongwe likibadilishwa injini, je, huwa gari jingine? Swali hili si la mafundi peke yao, kwani ndani yake mna suala la uaminifu.

Wajuzi wa magari ya Chevrolet yaliyoundwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1960 hulijibu kwa macho. Kwenye injini pana tarehe iliyosubiwa pamoja na chuma chenyewe, nayo haina budi kuitangulia tarehe ya kuundwa gari. Kisha, mbele upande wa kulia, pana sehemu ndogo bapa iliyogongwa tarakimu za mwisho za nambari ya gari. Zikilingana, bei hupanda. Na hapo ndipo hila huingia. Wapo wanaoisaga sehemu hiyo na kugonga nambari nyingine. Mjuzi huwafichua kwa kutafuta mistari myembamba iliyoachwa na mashine ya kiwandani, kwani msasa huifuta.

Mwaka 1990 swali hili lilifika Mahakama Kuu mjini London. Bentley iitwayo Old Number One, iliyoshinda mbio za Le Mans mwaka 1929 na 1930, ilikuwa imeuzwa kwa thamani ya pauni milioni 10, na mnunuzi akakataa kulipa. Alidai kuwa si gari lile, kwani hata injini yake ya awali ilikwisha kuondolewa. Jaji Otton alikiri kuwa haliwezi kuitwa la asili; hata hivyo aliamua kuwa ndilo Old Number One, kwa sababu lilibadilika hatua kwa hatua na historia yake haikukatika.

Basi kupotea kwa asili si aibu, chuma huchakaa. Aibu ni kuighushi. Atungaye takhmisi huongeza mishororo yake juu ya beti za mwenziwe, wala hadai kuwa yote ni ya yule wa kwanza. Ndivyo alivyo mwenye gari asemaye wazi kuwa injini ni ya baadaye.

Huenda mtu akasema kuwa gari litakwenda vile vile, basi nani amedhurika? Amedhurika mnunuzi, na zaidi yake amedhurika kila mwenye nambari ya kweli, kwani tangu siku hiyo naye hutazamwa kwa shaka.