Sura ya Mbao, Mwili wa Udongo

Sakafu yenye sura ya mbao huuzwa Kigali kwa namna tatu. Kuna kigae cha poselini kilichochapwa picha ya mbao kabla ya kuingia tanurini. Kuna vinili, yaani plastiki ya PVC iliyobeba picha ya namna hiyohiyo. Halafu kuna lamineti, iliyobuniwa na kampuni ya Perstorp ya Uswidi mwaka 1977: kiini chake ni nyuzi za mbao zilizoshindiliwa, juu yake karatasi yenye picha, na juu ya karatasi utando mgumu. Zote tatu zinaonyesha ubao ambao haupo. Je, kuonyesha kisichokuwepo ni kusema uongo?

Swali hilo halijibiki bila kutazama mvua. Kigali iko juu ya vilima vya takriban mita 1,500, na kila mwaka hupata mvua ya kama milimita 1,000, nyingi ikinyesha kati ya Machi na Mei na tena kuanzia Septemba hadi Desemba. Fukuto la Mombasa au Unguja halipo. Kinachosumbua ni kupanda na kushuka kwa unyevu. Mbao hunywa unyevu wa hewa ikatanuka kwa upana wake, na kiangazi cha Juni hadi Agosti huikausha ikasinyaa, nyufa zikaonekana. Tope jekundu likiingia ndani kwa viatu, sakafu humwagiwa maji kisha yakasukumwa nje kwa mpira. Poselini hainywi maji zaidi ya asilimia 0.5 ya uzito wake, kwa hiyo haina habari na maji hayo. Lamineti ya kawaida huvimba kwenye maungio, na ikishavimba hairudi.

Hapo ndipo Padri Alexis Kagame anapofaa kuitwa. Katika kitabu chake cha mwaka 1956 juu ya falsafa ya Wabantu wa Rwanda, mwanafalsafa huyo aligawa vyote vilivyopo katika mafungu manne kwa kufuata maneno ya Kinyarwanda: umuntu, ikintu, ahantu na ukuntu. Msemaji wa Kiswahili hahitaji tafsiri ndefu: mtu, kitu, mahali pamoja na wakati, na namna. Mti ni ikintu. Rangi yake na mistari yake ni ukuntu, nayo namna haisimami peke yake. Weupe ni lazima uwe wa kitu cheupe. Kigae kimechukua namna ya mti na kuivika udongo. Lamineti imefanya jambo la ajabu zaidi: ndani ni mti kweli, lakini usoni imevaa picha ya mti mwingine. Ikiwa ukweli wa sakafu hupimwa kwa kitu kilichomo ndani, basi lamineti ndiyo ya kweli kuliko zote, na ndiyo itakayokuwa ya kwanza kuharibika kwa kudekiwa. Kipimo hicho peke yake hakitoshi.

Plato alimshuku mchoraji wa kitanda kwa sababu kitanda chake kiko mbali na kitanda halisi, tena hakilaliki. Lakini kigae kinakanyagwa. Kinaiga mbao, hakiigi sakafu, kwa kuwa chenyewe ni sakafu kamili. John Ruskin wa Uingereza alikuwa mkali zaidi. Mwaka 1849 alilaani mbao zilizopakwa rangi ili zidhaniwe marumaru, ila akasamehe dhahabu inayopakwa juu ya majengo, kwa kuwa hakuna anayedhani jengo zima ni dhahabu. Kwake, kosa lilikuwa katika kumfanya mtazamaji aamini kisichokuwa, na kwa hilo alikuwa sahihi.

Waislamu wa mtaa wa Nyamirambo, Kigali, wana kisa kinacholenga jambo hilohilo. Imepokewa katika mkusanyo wa hadithi wa Muslim kwamba Mtume alipita kwa muuza nafaka, akatia mkono katika lundo, akakuta ndani kumelowa. Muuzaji alisema ni mvua. Aliulizwa kwa nini hakuiweka iliyolowa juu ili watu waione, kisha Mtume akasema kwamba mwenye kughushi hatokani naye. Muuzaji hakulaumiwa kwa kunyeshewa, alilaumiwa kwa kuficha. Kwa kipimo hicho, picha ya ubao juu ya kigae haina dhambi. Mwenye dhambi ni anayeuza lamineti akiapa kwamba haiogopi maji, au fundi anayetandika sakafu juu ya zege lisilokauka, akijua unyevu uko chini.

Linabaki suala la tamaa yenyewe. Nyumba za kale za Rwanda hazikuwa na sakafu ya mbao; watu waliishi juu ya udongo ulioshindiliwa, wakatandika nyasi na mikeka. Picha inayochapwa sana viwandani ni ya mwaloni, ambao si mti wa asili wa Rwanda, na kuiga nyumba ya mtu mwingine kunastahili kuhojiwa kuliko kuiga mbao. Hata hivyo, anayetaka mbao halisi ya nyumbani hana pa kwenda kwa urahisi. Umuyove, mti mrefu wenye mbao nzuri, umo katika msitu wa Nyungwe, hifadhi ya taifa iliyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2023, na haukatwi. Picha juu ya udongo inauacha ulipo. Vinili haiwezi kujitetea hivyo kwa ukamilifu, kwani ni plastiki, nayo Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu 2008.

Kwa Kigali, basi, poselini ndiyo inayostahili kuchaguliwa, mradi iitwe kigae. Mnunuzi anayepita katika maduka ya vifaa vya ujenzi ya Gisozi hahitaji kumwapisha muuzaji. Akigeuza kigae ataona mgongo wa udongo uliochomwa, wenye mistari ya kushikia saruji na mara nyingi jina la kiwanda. Upande huo haujachapwa picha ya mbao.