Mama Daktari na Deni Lililobaki



Majuzi tulikuwa kwa mazishi Kakuma. Marehemu alikuwa mwanajeshi mstaafu, na baada ya jeshi akatibu wagonjwa miaka mingi. Wasifu wake uliposomwa, watu walilia. Nikingoja gari la kurudi Lodwar, mama mmoja alinivuta kando: "Pasta, hayo mema yote ni ya kweli. Lakini yale alinifanyia mimi kitambo, nani atayasoma?"

Sikuwa na jibu. Njiani nikamkumbuka Dkt. Anne Spoerry.

Wazee wetu wengine wanamjua kama Mama Daktari. Alizaliwa Ufaransa mwaka 1918. Wakati wa vita alijiunga na waliompinga Hitler kwa siri, akakamatwa 1943, akapelekwa kambi ya wanawake ya Ravensbrück. Baadaye akaja Kenya. Akiwa na zaidi ya miaka 40 alijifunza kuendesha ndege, akajiunga na madaktari wa ndege wa AMREF. Mpaka kifo chake 1999 alitua kwenye viwanja vya vumbi kaskazini mwa nchi, akichanja watoto na kutibu watu ambao hakuna daktari mwingine aliwafikia.

Lakini kuna ukurasa mwingine. Wafungwa wenzake walimshtaki kwamba kule kambini aliwapiga na hata kuwadunga sindano za kifo wagonjwa waliowekwa chini yake. Wengine walisema aliokoa maisha yao. Baada ya vita, wenzake wa upinzani walimhukumu kuwa na hatia. Yeye mwenyewe alinyamaza kuhusu hayo mpaka kaburini.

Sasa, tumkumbukeje?

Mimi nilisomea biashara, kwa hivyo niruhusu niongee lugha ya hesabu. Soma Luka 19. Zakayo ana malipo mawili, si moja. Nusu ya mali anawapa maskini. Halafu, kando na hiyo, aliowadhulumu anawarudishia mara nne. Hakusema, "Nimesaidia maskini, basi tumemalizana." Sisi hapa tunalielewa hilo vizuri. Ukiiba mbuzi wa mtu Lokichar, kisha uchinjie majirani wa Kakuma mbuzi kumi, Kakuma watakusifu sana. Lakini yule wa Lokichar bado hana mbuzi.

Mtoto aliyechanjwa alipokea kitu halisi, na mimi sithubutu kukidharau. Lakini wale wanawake walingoja hata neno moja, na halikuja.

Najua mtu atasema, "Pasta, kwani damu ya Yesu haitoshi?" Inatosha kabisa! Deni letu kwa Mungu hatuwezi kulilipa, na limelipwa. Lakini angalia mpangilio: Zakayo hakulipa ili Yesu aingie nyumbani kwake. Yesu aliingia kwanza, ndipo mkono wa Zakayo ukafunguka. Neema haimfanyi mtu anyamaze. Inamwondolea woga wa kusema ukweli, kwa sababu anajua hatatupwa.

Basi tukimkumbuka mtu, tusichanganye vitabu. Tusifute mema kwa sababu ya mabaya, wala tusifunike mabaya kwa mema. Hukumu ya mwisho si yetu, ni ya Mungu. Kazi yetu ni kutomlazimisha aliyeumizwa apige makofi.

Nilirudi Kakuma Jumanne. Nilikaa na yule mama mpaka jua likazama, nikasikiliza tu. Wasifu haukubadilika, na marehemu hawezi tena kuomba msamaha. Lakini yeye aliniambia, "Leo imesomwa."

Wewe unayesoma hapa bado unapumua. Kabla hujaahidi sadaka nyingine kubwa, jiulize: kuna mtu anangoja mbuzi wake? Mpigie simu wiki hii, au uende. Usimwachie pasta akalisome deni lako kando ya barabara.

Mungu awabariki.