Kahawa Iliyoachwa Jamvini

Mwanamke wa Bweranyange ambaye dunia nzima inaweza kusoma habari zake hana jina. Ana vipimo. Mkono, futi 1 na inchi 11. Kifua, futi 4 na inchi 4. Paja, futi 2 na inchi 7. Aliyempima ni John Hanning Speke, Mwingereza aliyekuwa akitafuta chanzo cha Mto Nile, na mwaka ulikuwa 1861. Mama huyo alikuwa shemeji wa Mfalme Rumanyika wa Karagwe, mmoja wa wanawake wa ukoo wa kifalme walionyweshwa maziwa mpaka kusimama kukawa kazi, kwa kuwa unene ndio uliokuwa uzuri. Katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1863, Speke anaeleza kwamba ili mama akubali kupimwa, yeye naye aliahidi kumwonyesha mikono na miguu yake mitupu. Pembeni alikaa binti wa mama huyo, miaka 16, akinyonya chombo cha maziwa huku baba yake ameshika fimbo.

Nilizaliwa Bweranyange miaka 139 baadaye. Ukurasa huo niliusoma kwenye simu, nikiwa mwaka wa kwanza wa shahada ya uzamili, ndani ya daladala.

Wengi niliowaonyesha hukasirishwa na ile futi kamba. Mimi kinachonikosesha raha zaidi ni ile ahadi. Speke alitaka kutenda haki, angalau kwa hesabu yake: nikuone, unione, tumelipana. Na mama alikubali. Sina shaka kwamba jioni ile naye alikuwa na la kusimulia, na kwamba watu walicheka miguu ya mgeni. Lakini kitabu kilikuwa cha mmoja wao tu. Nusu ya pili ya mkataba ilipotea pamoja na waliocheka.

Nayaleta haya kwa sababu mwaka huu nimejaribu kuandika kumbukumbu za utoto wangu kijijini, na nimekwama kwenye swali ambalo nilidhani ni la wanafalsafa wenye muda. Kumbukumbu ya watu wengi ni mali ya nani? Na mmoja wao akijua kuandika, je, hilo linampa haki kuliko wengine?

Mtu aliyekulia kwenye nyumba yenye geti anaweza kuwa na kumbukumbu zake mwenyewe. Mimi sina. Kwetu nyumba na nyumba zinatenganishwa na migomba, na mgomba hauzuii sauti wala harufu. Nakumbuka senene wa Novemba, lakini nakumbuka wakikaangwa jiko la jirani, kwa kuwa letu lilikuwa na maharage. Nakumbuka bibi yangu akieleza jina la kijiji: kwa Kinyambo nyange ni yangeyange, wale ndege weupe wanaofuata ng'ombe, na kilima kilikuwa cheupe kwa wingi wao. Nakumbuka pia shangazi akimkatiza kwamba hadithi hiyo haikuwa hivyo. Kila sentensi niliyoanza na “mimi” ilifika katikati ikamkuta mtu mwingine amekaa.

Mmoja wao ni mama aliyeishi nyuma ya shamba letu. Nitamwita Mama Jirani. Alikuwa msimulizi kuliko wote, na hadithi yake kubwa ilikuwa ya kuvuka Mto Kagera. Rwanda ilikuwa imewaka, mwaka 1959 au muda mfupi baada yake, na yeye alikuwa mtoto wa mgongoni. Aliyajua ya siku hiyo kwa kusimuliwa na mama yake, lakini alisimulia kama aliyepiga kasia mwenyewe: mafunjo, viboko wakikoroma gizani, ndama aliyekataa kuingia majini. Sisi watoto tulimwomba aturudie pale pa ndama. Hadithi ile iliijua kila nyumba. Ilisimuliwa kisimani, ilisimuliwa baada ya ibada.

Mwishoni mwa Julai 2013, Rais Kikwete alitangaza wiki mbili kwa wahamiaji walioishi nchini bila kibali kuondoka kwa hiari. Septemba ilianza Operesheni Kimbunga, katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Nilikuwa darasa la saba. Nakumbuka mama yangu akitukalisha jikoni, mimi na kaka zangu, akasema kwa sauti ya chini: “Zile hadithi za Mama Jirani ni za Mama Jirani. Mtu asiyemjua akiwauliza, nyinyi mnajua kulima.”

Hapo ndipo nilipojifunza kwamba hadithi inaweza kugeuka bila kubadilika neno. Mwezi Juni ilikuwa burudani ya jioni. Agosti ilikuwa ushahidi, na kila mtoto wa kijiji alikuwa shahidi.

Kama alikuwa na hati ya uraia sikuwahi kuuliza, na si la kuandika hapa. Mwaka 1980 serikali iliwapa uraia maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda. Wako waliochukua karatasi, wako ambao hawakuona kwa nini mtu aombe ruhusa ya kukaa alipokulia. Ninachojua ni kwamba asubuhi moja mlango wake ulikuwa na kufuli, na uani kahawa yake ilikuwa bado imeanikwa jamvini. Ilikuwa katikati ya msimu. Kwetu, mtu anayeacha kahawa jamvini hajaondoka kwa kupenda, maana kahawa ndiyo ada, ndiyo bati, ndiyo mahari.

Je, niandike? Wenzangu darasani waligawanyika. Mmoja alisema ukweli hauna mwenyewe, aliyeuona ana haki ya kuusema. Mwingine akanishauri nibadilishe majina, yaishe. Ushauri huu hutolewa na watu wa mjini. Bweranyange ukibadilisha jina la mtu, watu watamtambua kwa mbwa wake.

Kwa muda nilielekea upande wa kunyamaza. Bibi zetu walinyamaza mambo mengi na hawakuwa waongo. Walijua kwamba neno likishatoka nyumbani halirudi na viatu vilevile. Ila kunyamaza nako kuna bei, na bei yenyewe ni ule ukurasa wa Speke. Alikaa kwetu chini ya miezi miwili. Ziwa lililo chini ya mji wa mfalme aliliita Windermere Ndogo, kwa sababu mwenzake Grant aliliona linafanana na ziwa la kwao Uingereza. Akapima, akaandika, akaenda zake Buganda. Wote waliokipenda kilima kile wakinyamaza kwa huruma, rafu inabaki na mpita njia, na mwanamke wa Bweranyange anaendelea kuwa paja la futi 2 na inchi 7.

Kwa hiyo siamini kwamba upendo unatudai ukimya. Wala siamini kwamba msomaji anatudai ukweli wote. Msomaji hatafuatwa nyumbani na mtu yeyote. Nadhani wenye dai la kwanza ni waliomo ndani ya kumbukumbu, na wanachodai si kusifiwa. Wanadai waweze kujibu. Waweze kusema hapana, au kusema umesahau kitu, wakati neno lao bado linaweza kubadilisha sentensi. Yule shemeji wa mfalme hakuwa na nafasi hiyo, hata baada ya kuona miguu ya mzungu. Wafu nao hawana, na kwa wafu sina jibu linaloniridhisha. Za bibi yangu naziandika kwa woga, zile tu ambazo najua alizisema mbele ya wageni.

Mama Jirani yu hai. Binti yake nilisoma naye darasa moja, na kumpata hakukuhitaji upelelezi, kwa kuwa watu wa kijiji kimoja hawapotezani siku hizi. Nilimtumia rasimu yote kwa WhatsApp, pamoja na sehemu ambazo sikuzipenda mwenyewe. Siku nne kimya. Ya tano ikaja sauti ya dakika sita. Nisitaje majina. Nisitaje wanakoishi wala wako wangapi. Ndama nimsimulie vizuri, maana nimemfupisha. Mto niuache kama ulivyo: “Mto kila mtu anaujua.” Na kuna aya moja kuhusu baba yake ambayo haimo humu, kwa sababu alisema isiwemo, na hakueleza kwa nini.

Mwishoni kabisa sauti ikabadilika, nadhani alikuwa amegeukia chumba kingine, akasema: “Mama anauliza, ile kahawa nani aliianua?”

Miaka yote nimeibeba kahawa ile kichwani ikiwa palepale jamvini. Sikuwahi kujiuliza ilikwenda wapi. Nikampigia mama.

“Niliianua mimi,” akasema, bila kusita. “Siku ya tatu, wingu lilikuwa limeshasimama. Ilitoka gunia moja na debe. Tukaipeleka chama cha msingi pamoja na yetu, kwa jina la baba yako. Sasa wewe unafikiri godoro lako la bweni lilitoka wapi?”

Nililala kwenye godoro hilo miaka minne. Hakuna mtu anayeniambia niione aibu, wala mama haoni aibu yoyote; kahawa ingeloa. Lakini rasimu niliyokuwa nimeituma ilikuwa na mtoto anayetazama uani kwa huzuni, na mtoto huyo alikuwa karibu kwenda kununuliwa godoro. Niliandika upya sehemu hiyo, nikamtumia yule dada maneno ya mama yangu kama yalivyo, gunia, debe na godoro.

Jibu lilikuja usiku uleule, kwa maandishi: Mama amecheka. Anasema ile ya upande wa ukutani ilikuwa haijakauka, chama waliipimaje?

Nimempigia mama tena. Anasema aliigeuza juani siku mbili zaidi, na kwamba mwenzake siku zote alikuwa na haraka ya kurundika.