Doa la Nani

Mwezi Julai 2025, katika mnada wa Sotheby's jijini Paris, mkoba mmoja mweusi wa ngozi uliuzwa kwa zaidi ya euro milioni 8.5. Ulikuwa wa kwanza kabisa wa aina ambayo kampuni ya Hermès wanaendelea kuitengeneza kwa jina la Birkin. Walimshonea Jane Birkin mwenyewe, mwigizaji na mwimbaji mzaliwa wa London aliyehamia Ufaransa, naye akautumia mpaka mwaka 1994 alipoutoa upigwe mnada kuchangia mapambano dhidi ya UKIMWI. Birkin hakuwa mtu wa kubembeleza vitu. Aliubandika stika, akaning'iniza kikata kucha, akaujaza vitu bila huruma. Ulipofika mnadani ulikuwa na mikwaruzo, madoa, na alama za gundi pale stika zilipokuwa zimekaa, na hakuna aliyethubutu kuzisugua. Zilikuwa sehemu ya bei.

Mimi husafisha mikoba ya mtumba nyumbani kwangu, na habari ile haijanitoka kichwani. Mkwaruzo wa Birkin umeitwa historia. Mkwaruzo wa mama fulani wa Ohio au Hamburg, ambaye mkoba wake ulitumbukizwa kwenye sanduku la misaada ukaishia Ilala, Dar es Salaam, unaitwa uchafu. Kila ninapoteka maji kwenye beseni lazima niamue kati ya hayo mawili, na hakuna mtu wa mnada wa kunisaidia.

Pale soko la Karume mikoba humwagwa juu ya turubai mara belo linapofunguliwa, na wanunuzi huinama wote kwa pamoja. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, walisema wahenga, ila wahenga hawakuwahi kufungua belo la mikoba. Kinachong'aa juu ya lundo mara nyingi ni plastiki. Ngozi halisi iko chini, imekakamaa, imepauka, ina ukungu kwenye mikunjo na harufu ya stoo. Muuzaji anajua hivyo, kwa hiyo ile anayoitambua huichomoa mapema, akaipaka kiwi nyeusi na mafuta kidogo, akaitundika kwenye msumari. «Dada, hiyo ni ngozi tupu, gusa mwenyewe.» Ni kweli ni ngozi tupu. Ukifika nyumbani, ukiwa umeukumbatia kwenye daladala kwa saa nzima katika joto la Machi, gauni lako nalo limepakwa kiwi.

Simlaumu sana. Anauza jua likiwa kali, na mteja anataka kitu kinachoonekana kipya. Lakini kiwi ni nta na rangi: hujaa ndani ya nyufa na kuzificha, na chini yake uchafu unabaki palepale. Kazi yangu ya kwanza kwenye mkoba wowote ni kuondoa usafi wa sokoni.

Kabla ya maji, naugeuza mkoba ndani nje kadiri unavyokubali. Upande wa ndani hausemi uongo. Ngozi ina nyuzi, ina manyoyamanyoya, na vinyweleo vya juu havikupangwa kwa mstari. Ngozi ya bandia ina kitambaa kilichofunikwa utando wa plastiki, na utando huo katika hewa yetu yenye unyevunyevu huvunjika wenyewe taratibu mpaka unaanza kubanduka vipande vipande. Hiyo haina dawa. Ukiusugua, unabanduka zaidi. Ukiupaka mafuta, unanata. Watu huniletea mikoba ya namna hiyo kwa matumaini makubwa, na kumwambia mtu kwamba mkoba aliopewa na mama mkwe si ngozi ni kazi ngumu kuliko kuosha.

Ikiwa ni ngozi, nadondosha tone moja la maji mahali pasipoonekana, chini ya kifuniko. Tone likizama na kuacha kivuli, ngozi iko wazi, itakunywa chochote utakachoipa, pamoja na makosa. Tone likibaki juu, ngozi imepakwa rangi nzito kiwandani, nayo huvumilia zaidi. Baada ya hapo ni fulana kuukuu ya pamba, maji kidogo, na sabuni laini ya kuogeshea watoto. Sabuni ya unga haifai, ya mche haifai, na jiki usiilete hata karibu. Ngozi iliyotengenezwa kiwandani ina asili ya uchachu, na sabuni kali huivuruga mpaka ikakauka na kupasuka. Napangusa eneo zima kwa usawa badala ya kushambulia doa, kwa sababu doa likisuguliwa peke yake huzaa duara jeupe linaloonekana kuliko doa lenyewe.

Halafu kivulini. Si juani, hata kama una haraka, hata kama mwenyewe anapiga simu. Najaza ndani vipande vya shuka nyeupe ili umbo lisilegee. Magazeti huacha wino. Mkoba unakauka kwa wakati wake, na hapo ndipo wengi wanaponiacha.

Ukungu unataka maelezo zaidi, kwa kuwa Dar es Salaam ni makao yake makuu. Huota pale unyevu wa hewa unapokuwa mwingi na hewa haitembei, yaani ndani ya kabati la ukutani la karibu kila nyumba ya pwani. Naupangusia nje, nimefunga kitambaa puani, kwa spiriti iliyochanganywa na maji, baada ya kujaribu kwanza pembeni maana spiriti hubeba rangi. Lakini si kila vumbi jeupe ni ukungu. Mafuta yaliyowekwa ndani ya ngozi kiwandani wakati mwingine huchomoza juu na kuganda, yakafanana nao kabisa. Puliza hewa ya moto ya mashine ya kukaushia nywele: mafuta yatayeyuka na kurudi ndani, ukungu hautashtuka. Nimeona mikoba mizuri ikiogeshwa siki na spiriti kwa kosa ambalo haikufanya.

Mafuta ndiyo mwisho, na yawe machache. Ngozi iliyokauka inafanana na miguu ya mtu wa Makambako mwezi wa Julai, na kishawishi ni kuizamisha kwenye mafuta. Mafuta ya kupikia huchacha na kunata. Mafuta ya nazi, ambayo kila shangazi atakushauri, huifanya ngozi iwe nyeusi ghafla na ilegee mpaka mkoba unakaa chini kwa uchovu. Watengeneza matandiko ya farasi wa Ulaya na Marekani wametumia kwa muda mrefu mafuta yanayokamuliwa kutoka mifupa ya miguu ya ng'ombe. Mimi hutumia krimu ya ngozi isiyo na rangi, kiasi cha ncha ya kidole, nikasubiri hadi kesho yake, kisha nikaangalia kama ngozi bado inaomba.

Sasa, alama. Mikoba ninayoipenda kuliko yote ni ya Coach ya zamani, ile isiyo na bitana, inayokuja katika mabelo ya Marekani. Kampuni hiyo ilianza mwaka 1941 ikiwa karakana ndogo Manhattan. Miles Cahn, aliyeiendesha na mkewe Lillian, aliona jinsi glavu ya besiboli inavyozidi kuwa laini na kupendeza kadiri inavyotumika, akatafuta ngozi ya kufanya vivyo hivyo. Mwaka 1962 wakamwajiri Bonnie Cashin, mbunifu wa mavazi, naye ndiye aliyeweka kile kifungo cha brasi cha kuzungusha, wazo alilolitoa kwenye vifungo vya paa la kukunja la gari lake. Kifungo hicho nakisafisha kwa ndimu na majivu, namna sinia na mapambo ya milango yalivyosafishwa pwani hii miaka mingi, nikiwa nimekinga ngozi inayokizunguka kwa kipande cha plastiki.

Tazama maana yake: hao watu walibuni kitu ambacho uzee ulikuwa sehemu ya mpango. Pale mkono ulipozoea kushika, ngozi imekolea na kung'aa. Pale kiuno cha mwenye mkoba kilipokuwa kikisugua, rangi imefifia. Ukiutazama vizuri unaweza kujua alikuwa akiuning'iniza bega lipi. Mtu akiniletea mkoba kama huo na kuniambia niupake rangi wote upya, uwe kama wa dukani, natafuta namna ya kukataa bila kumvunjia heshima. Pembe zilizochubuka hadi ngozi ghafi nitazigusa rangi, maana zikiachwa zitaendelea kulika. Mshono uliokatika naupeleka kwa fundi viatu, na namwomba apitishe sindano kwenye matundu yaleyale ya zamani. Tundu jipya kando ya la kwanza hugeuza ngozi kuwa karatasi ya kuchana. Yaliyobaki nayaacha. Ninachoondoa ni kile kinachoila ngozi, yaani jasho, vumbi, ukungu na kiwi. Mkunjo haumli mtu.

Ndani ya mikoba hukutwa vitu. Pini ya nywele, senti ya Marekani, kifuniko cha rangi ya mdomo, stakabadhi iliyofifia hata haisomeki. Karatasi yenye jina la mtu naichana bila kusoma zaidi ya jina. Kuna rafiki yangu huniona mshamba kwa hilo. Anasema huyo mwanamke yuko bara jingine, pengine alishafariki, na hatajua. Pengine. Lakini aliutoa mkoba, hakutoa barua.

Na kuna yasiyotengenezeka, ambayo nadhani watu wa kazi hii tunayakwepa kuyasema. Ufa ukishakata nyuzi za ngozi hauungi tena. Unaweza kuuziba, huwezi kuuponya. Kibaya zaidi ni ugonjwa wa ngozi za kizamani zilizotengenezwa kwa magome ya miti. Njia hiyo ya magome ni ya kale, na hata sisi tumo: miwati, mti wenye asili ya Australia, ulipandwa Njombe kwa ajili ya magome yake tangu mwishoni mwa miaka ya 1940, ingawa kufikia hapo sehemu kubwa ya viwanda duniani ilishahamia kwenye njia ya kromu, ambayo Augustus Schultz wa New York alikuwa ameipatia hataza mwaka 1884. Ngozi ya magome ikikaa miaka mingi katika hewa yenye moshi wa makaa au gesi, huoza na kuwa unga mwekundu unaobaki mkononi. Michael Faraday alilichunguza jambo hilo mwaka 1843, baada ya ngozi za viti na vitabu kuharibika katika klabu ya Athenaeum jijini London, akazinyooshea kidole taa za gesi. Unga huo unaweza kuzuiwa usimwagike zaidi. Ngozi yenyewe hairudi.

Habari ya Faraday hunifaa ninapokuwa na mteja anayejilaumu. Alikuja dada mmoja na mkoba wa bibi yake, umekuwa unga mwekundu kwenye kifuniko, naye ana hakika kwamba ni yeye aliyeuua kwa kuufungia sandukuni. Nikamwambia ugonjwa huo huanzia hewani, pengine kabla yeye hajazaliwa, na kwamba bibi mwenyewe angeutunza kwa mikono miwili bado ungefika hapo. Hakuniamini mara moja. Tumezoea kwamba kitu kikiharibika lazima awepo mzembe.

Kuuza ni sura nyingine. Mikoba michache huwa yangu kweli, niliyoinunua Karume, nikiisha kuitengeneza naiuza. Hapo sheria niliyojiwekea ni kusema kila nilichofanya na kila nilichoacha: pembe hii imeguswa rangi, uzi huu ni mpya, zipu inashikashika. Wahifadhi wa makumbusho nao huandika walichokigusa, na hujitahidi kutumia vitu vinavyoweza kuondolewa baadaye na mwingine mwenye ujuzi zaidi. Sina daftari lao, lakini mdomo ninao. Biashara inapungua kidogo kwa tabia hii, nakiri, maana anayeuza jirani yangu hasemi kitu, na mikoba yake inang'aa.

Majuzi nilikuwa na Coach ya kahawia, imara, kifungo cha brasi kikilia vizuri kikizungushwa, na chini ya kifuniko doa la wino la kalamu la urefu wa kidole. Ningejaribu spiriti, lakini kwenye ngozi iliyo wazi spiriti huutandaza wino badala ya kuutoa, na mbali na hilo doa lile halikuwa likidhuru kitu. Mtu alitia kalamu isiyo na kifuniko ndani ya mkoba wake, akaenda zake kazini. Mteja aliupenda, akaufungua, akaliona. Nikamweleza yote, na kwa sababu nilikuwa na ari nikamweleza na habari ya Paris, na stika, na euro milioni nane na nusu. Alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, akauliza kwa hiyo kwa doa hili unanipunguzia shilingi ngapi. Nikampunguzia elfu tano.