Furaha ya Nani? Ushauri wa Kupanga Nyumba na Vyumba vya Mbagala

Ushauri wa kupanga nyumba unaotolewa na watu mashuhuri una swali moja la kale ndani yake: ni nani mwenye kauli ya mwisho juu ya thamani ya kitu? Marie Kondo wa Japani, ambaye kipindi chake kilianza kuonyeshwa Netflix Januari 2019, hujibu kuwa ni moyo wa mwenye kitu. Kila kitu kishikwe mkononi. Kikitia furaha kibaki, kisipotia kishukuriwe kisha kiondoke. Shukrani hiyo ina mizizi ya dini, kwani alipokuwa mwanafunzi Kondo alihudumu katika hekalu la Kishinto. Clea Shearer na Joanna Teplin wa The Home Edit, waliompangia Khloé Kardashian katika kipindi cha mwaka 2020, hawazami kiasi hicho. Wao hutegemea makasha ya plastiki yanayoonyesha kilichomo, na stoo ya kuyaweka.

Katika mitaa ya Dar es Salaam kama Mbagala, Tandika, Manzese na Tandale, ushauri huo hukuta nyumba ya namna nyingine. Nyumba ya Kiswahili ina vyumba, mara nyingi sita, vinavyotazamana kwenye ukumbi mmoja. Uani kuna choo na pa kupikia. Chumba kimoja huweza kuwa makazi ya familia nzima ya wapangaji. Kitanda hupandishwa kwa matofali ili uvunguni paingie masanduku na sufuria, pazia hutenga pa kulala na pa kukaa wageni, na ndoo za rangi zilizokwisha huhifadhi mchele. Huo ni ustadi wa kupanga, nao unastahili heshima kabla ya kufundishwa mwingine. Kondo mwenyewe alikiri Januari 2023 kwamba baada ya kupata mtoto wa tatu, nyumba yake haikuwa tena nadhifu kama zamani.

Madumu yaliyobanana kwenye kona hayamtii mtu furaha. Lakini Oktoba 2022, Mto Ruvu ulipopungua na DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, ikatoa maji kwa mgawo, asiye na madumu ndiye aliyehangaika. Anayeweza kukinunua kitu tena kesho hukitoa leo bila hofu. Anayeishi kwa kipato cha kutwa hana nafasi hiyo. Kwake akiba haiozi, na kumwambia kwamba mrundikano wake ni udhaifu wa nafsi ni kumwonea.

Hata hivyo, ufinyu wa kipato haumalizi suala. Katika nyumba nyingi ipo sufuria kubwa ya pilau inayotumika mara chache kwa mwaka, na mara nyingi mtumiaji si mwenyewe. Ukitokea msiba, hodi hupigwa na sufuria hutoka. Vikundi vya akina mama na jumuiya ndogondogo za Kikatoliki hununua vyombo na viti kwa pamoja, na lazima awepo mtu wa kukubali kuishi navyo. Kwa kipimo cha furaha ya mmiliki, vitu hivyo ni mzigo. Kwa kipimo cha dini ni amana. Suratul-Maun, yenye aya 7, ambayo watoto wa madrasa huihifadhi mapema, humalizia kwa kuwalaumu wanaosali huku wakizuia msaada mdogo. Sahaba Ibn Mas'ud aliueleza msaada huo kuwa ni vitu ambavyo watu huazimana, kama chungu, ndoo na shoka. Chombo cha jikoni kinaingia hivyo katika hesabu ya ibada, na anayekiondoa kwa kuwa tu hakimpendezi anakata shauri lisilo lake peke yake.

Dini hizohizo hazimkingi anayelimbikiza. Injili ya Luka, sura ya 12, inasimulia habari za tajiri aliyepanga kubomoa maghala yake ajenge makubwa zaidi, naye akaambiwa roho yake inatakwa usiku uleule. Katika sura ya 3, Yohana Mbatizaji anamtaka mwenye kanzu mbili amgawie asiye nayo. Kabati la vioo lililochongwa Keko, likajazwa vyombo vya kitchen party ambavyo hata mgeni hatengewi, halina hoja ya ujirani ya kulitetea. Hapo utaratibu wa Kondo wa kukusanya vitu vya aina moja pamoja unafaa sana. Kanga zote zikitolewa masandukuni na kulazwa kitandani, huonekana zipi za kuvaa, zipi urithi wa bibi, na zipi zimesahauliwa tu.

Linalobaki ni njia ya kuondoa. Nguo zisizotakiwa tena Ulaya na Marekani hufika Dar es Salaam zikiwa marobota ya mitumba na kuuzwa Karume, Ilala. Mzigo umehama kabati tu. Mtaani kitu hutolewa kwa mtu anayejulikana: ndugu wa kijijini, mwali anayeanza maisha, au mnunuzi wa chuma chakavu. Kwa sababu hiyo shauri hukatwa na wengi: bibi aliyekileta, mama anayekitumia, na jirani aliyezoea kukiazima, ambaye huarifiwa mapema ili atafute kwingine.