Kumjulia Hali Mtoto

Kwetu pwani, kumjulia hali mgonjwa ni kwenda kwake, si kuuliza tu. Huko Australia, mwaka 2010, chanjo moja ya mafua makali iliwasababishia baadhi ya watoto degedege. Tangu 2014 wazazi wengi huulizwa kwa ujumbe wa simu, ili madhara yajulikane mapema. Bagamoyo nako tunaijua kazi hiyo: majaribio makubwa ya chanjo ya malaria yalianzia hapa Mei 2009, na watoto wakafuatiliwa kwa miaka.

Ni jambo jema. Lakini mama anayejibu usiku, "Ana homa," hatoi takwimu tu, anaomba msaada. Ndugu msomaji, anayeuliza bila kujiandaa kwenda amepata habari, ila hajamjulia mtoto hali.