Mguu Unapona, Moyo Bado

Tafakari ya wiki
Somo: Zaburi 42 na 43



Katika sharika zetu upasuaji una maombi mawili. La kwanza huja kabla: jina la ndugu linasomwa mbele ya madhabahu, tunasimama, tunamkabidhi mikononi mwa Mungu na mwa madaktari. La pili ni la shukrani: anakuja na familia yake, bahasha ya sadaka mkononi, kwaya inawaimbia. Katikati ya maombi hayo mawili zipo wiki nyingi ambazo hatuna sala yake. Leo tuzitafakari wiki hizo, hasa kwa ajili ya wenzetu waliobadilishwa nyonga.

Miaka ya nyuma, aliyehitaji nyonga bandia mara nyingi alilazimika kusafirishwa hadi India. Siku hizi operesheni hiyo inafanyika hapa nchini, katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) na hospitali nyingine kubwa. Wanaoihitaji si wazee tu walioteleza bafuni wakavunjika shingo ya mfupa wa paja. Wapo ambao gegedu la nyonga limelika, wakachechemea kwa maumivu miaka mingi. Wapo pia vijana wenye selimundu, ambao damu ilishindwa kufika kwenye kichwa cha mfupa hadi kikafa. Wengi wao hutoka chumba cha upasuaji wakiwa na habari njema: yale maumivu ya zamani yamekwisha, na huenda siku hiyohiyo au kesho yake wakasimamishwa watembee. Wanarudi nyumbani. Siku zinapita, wageni wanapungua, na moyo unaanza kunywea.

Nilimtembelea mama mmoja mkulima wa migomba, naye ameniruhusu niyaseme haya bila jina lake. Nilimkuta barazani, kwenye kiti kilichoinuliwa kwa mito miwili, woka mbele yake. Mto mwingine ulikuwa katikati ya mapaja ili asijisahau akapandisha mguu juu ya mwenzake. Kiatu kimoja kilikuwa kimekanyagwa kisigino, maana hawezi kuinama akakivaa. Jikoni mkwewe alikuwa akipuliza moto, moshi ukatufikia. "Kuni mbichi hizo," akasema kwa sauti ya chini, asisikike. Jiko lile limekuwa lake tangu aolewe, na sasa hawezi hata kukalia kigoda chake. Anaogeshwa na mkwewe, jambo ambalo hakuwahi kuliwaza. Nikamuuliza anaendeleaje.

"Mguu unapona, Baba Mchungaji. Mimi ndiye sijielewi. Nalia tu. Na nikilia wananiambia nisimkufuru Mungu, wangapi wamekufa hawajaipata operesheni hiyo."

Wapendwa, adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Kumwambia mgonjwa kwamba machozi yake ni kufuru ni kumwongezea mzigo wa pili juu ya ule alio nao. Mtu anaweza kumshukuru Mungu kwa moyo wote na bado akasononeka, siku hiyohiyo, katika sala hiyohiyo.

Tuanze na mwili, kwa kuwa Mungu alituumba nao. Aliyebadilishwa nyonga amepoteza damu, na damu ikipungua, nguvu nazo hupungua. Usiku analala chali kama alivyoelekezwa, yeye aliyezoea kulala ubavu, kwa hiyo usingizi unakatikakatika. Dawa kali za maumivu zinasaidia sana, lakini zinaweza kuleta usingizi wa mchana, kizunguzungu na kufunga choo, na kwa baadhi ya watu huvuruga hata hisia. Kisha kuna masharti, ambayo hutofautiana kulingana na namna daktari alivyopasua: usikunje nyonga kupita pembe ya mraba, usikunje nne, usigeuke ghafla ukiwa umesimama. Yakisomwa hospitalini ni masharti madogo. Yakifika nyumbani kwetu yanamwondoa mtu kwenye kigoda, kwenye mkeka na kwenye choo cha kuchuchumaa, na wakati wa sala yanamzuia kupiga magoti. Mtu asiye na usingizi, asiye na faragha na asiye na kazi ya mikono akihuzunika, tusiende kutafuta dhambi aliyoitenda.

Mwimbaji wa Zaburi ya 42 angemwelewa mama yule. Yuko mbali na Hekalu, upande wa Yordani na Hermoni, na kinachomuuma zaidi ni kumbukumbu. Anakumbuka alivyokuwa akiandamana na umati kwenda nyumbani kwa Mungu, watu wakishangilia sikukuu. Sasa chakula chake ni machozi. Watu wanamuuliza Mungu wake yuko wapi, na maneno yao anayafananisha na kupondwa kwa mifupa yake. Naye hasiti kumuuliza Mungu kwa nini amemsahau. Malalamiko hayo hayakufutwa. Yaliwekwa katika kitabu cha nyimbo za ibada, ili na wengine wayaimbe.

Angalieni pia jinsi zaburi hiyo ilivyopangwa. Katika mstari wa 5 anaisemesha nafsi yake: anaiuliza huzuni hii ni ya nini, anaiagiza imtumaini Mungu. Ungedhani mambo yameisha. Mstari unaofuata tu, nafsi imeanguka tena. Katika mstari wa 11 anarudia maneno yaleyale. Zaburi ya 43, ambayo wasomaji wengi wa Biblia huiona kuwa ni mwendelezo wa ya 42, inafungwa katika mstari wa 5 kwa maneno hayo mara ya tatu. Mtu wa imani amelazimika kujiambia jambo moja mara tatu, na katikati yake akaanguka mara mbili. Tena anachosema ni kwamba atamsifu Mungu. Bado hajaanza kumsifu. Alicho nacho leo ni tumaini peke yake, na Mungu hakulikataa.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo anafundisha hivyohivyo. Hakuamuru utembee hadi sokoni. Anakwambia ukaze paja, ulegeze, urudie, na kesho uanze tena upya. Hakuna anayesema mazoezi ya jana yalikuwa bure kwa sababu leo mguu umekuwa mzito. Basi usiseme sala ya jana ilikuwa bure kwa sababu leo umeamka na huzuni.

Wewe uliye katika wiki hizo, nakusihi mambo machache. Mwambie mtu mmoja unayemwamini hali ya moyo wako, kwa maneno ya wazi. Tumia dawa za maumivu kama zilivyoandikwa, na zikikulevya au zikikukosesha raha, mwambie daktari badala ya kuzikatisha kimyakimya. Maumivu yasiyotulizwa nayo huvunja moyo. Toka nje asubuhi, hata kama ni hatua chache hadi mlangoni. Omba upewe kazi inayofanyika ukiwa umekaa kwenye kiti kirefu: kuchambua maharage, kuchagua mchele, kuwasimamia wajukuu na daftari zao. Sali ukiwa umekaa. Mungu hapimi magoti. Wala usihesabu siku kwa kujilinganisha na jirani. Wengi huachana na magongo ndani ya mwezi mmoja au miwili, lakini nguvu kamili inaweza kuchukua miezi mingi, hata mwaka.

Ninyi wa nyumbani na wa jumuiya, mtembeleeni mgonjwa katika wiki ya 4 na ya 5, wakati wengine wameshamsahau. Msiende kundi kubwa mkamtaka asimulie upya tangu alipoanguka. Nendeni wawili, mbebe maji, mpasue kuni, mkae naye. Mpumzisheni pia anayemuuguza. Mwombeni mchungaji ampelekee Chakula cha Bwana nyumbani. Na siku atakaporudi kanisani akute kiti kirefu chenye mikono, kando ya njia, kwa sababu benchi zetu ni fupi kwake.

Lipo jambo la kuwa macho nalo. Huzuni ikidumu mfululizo kwa wiki mbili au zaidi, akawa hali, halali, hafurahii hata wajukuu, hiyo inaweza kuwa sonona, nayo ni ugonjwa wenye tiba. Mpelekeni hospitali, maombi na vidonge havigombani. Akisema afadhali afe, msisubiri siku zitimie: msimwache peke yake, mpelekeni mara moja. Vilevile kigimbi kikivimba na kuuma, pumzi ikibana, kifua kikichoma, homa ikipanda au kidonda kikitoa usaha, msingoje tarehe ya kliniki. Ondokeni saa hiyohiyo.

Kwa wiki hii naomba kila kiongozi wa jumuiya amtaje mtu mmoja katika jumuiya yake anayeuguza mfupa nyumbani. Nendeni kwake kabla ya Jumapili. Asipotaka kuimba, msimlazimishe. Akitaka kulia, mwacheni alie. Na kabla ya kuaga, muulizeni ni siku gani mrudi, kisha mrudi siku hiyo.